Jirani wa Nyuma ya Kabati

Mara ya kwanza kuzungumza na Jirani, nilizungumza na kabati. Tulikuwa tumehamia mji wa Ibra siku moja kabla, kutoka Maskati. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alikwenda kuripoti kwenye skuli aliyopangiwa, nami nikabaki na watoto wawili na maboksi, sijui sukari iko katika boksi gani. Kabati la nguo halikupita mlango wa chumbani, kwa hiyo tuliliegemeza kwenye ukuta wa ukumbini tukasema tutaliona kesho. Kesho yenyewe ikafika, na kabati likapiga hodi.

"Hodi! Hodi humu ndani! Mmeniwekea nini hapa?"

Mundhir, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, akaanguka kitako. Rayya, dada yake wa miaka mitano, akaniangalia mimi, maana kwa umri ule mtoto anaamini kwamba baba anajua kila kinachosemwa na makabati.

"Nani?" nikauliza.

"Nani nini? Jirani! Liondoe hilo dubwana lako, nina sufuria ya moto mkononi."

Nikasukuma. Nyuma ya kabati kulikuwa na kilango cha mbao, kifupi, ambacho tulikiona tulipokuwa tukiingiza vitu tukadhani ni cha stoo iliyozibwa. Kumbe ndiyo njia ya wanawake baina ya nyumba zile mbili, wapitiane bila ya kutoka barabarani. Katika mtaa ule, mtu akikiziba kilango kama kile amemtangazia jirani yake kwamba hataki hata kumwona. Mimi niliyekulia kwenye fleti, ambako jirani unamjua kwa harufu ya mchuzi wake tu, ningejuaje?

Akatokeza mwanamke mfupi, mkavu, leso kichwani, sufuria ya uji wa ngano imefungwa kwa kitambaa. Uso wangu hakuutazama. Alitazama miguu yangu, akatazama ya Rayya, akaguna.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Tangu jana nasikia ukuta unagombeza watoto kwa Kiswahili. Nikasema alhamdulillahi, nimeletewa watu. Vikombe viko wapi?"

"Sijui, mama. Katika maboksi."

"Sijui! Baba mzima!" Akarudi kwake kuchukua vikombe, na kilango hakikufungwa tena.

Jina lake nalijua. Kila mtu analijua, na hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Jirani, hata watu wa upande wa pili wa wadi, lile bonde la mto mkavu, ambao hawakupakana naye kwa ukuta wala kwa shamba. Wanawake wa Kiarabu walimwita hivyo hivyo kwa Kiarabu chao, na watoto wangu wakamwita Bi Jirani. Nilipomwuliza mara moja kwa nini, alisema jina lake ni la kuandikiwa hospitali.

Jirani alikuwa hakai. Sisemi kwamba alikuwa mchapakazi, ingawa hilo pia, nasema hakai. Atakuja kwako asubuhi, atamimina kahawa, na kabla hujaifikisha mdomoni ameshasimama anakwenda kutazama kama bomba lake amelifunga. Kuaga alikuwa haagi. Sentensi anaianzia kwako na kuimalizia kwake, upande wa pili wa ukuta, wewe umebaki na kikombe unatazama kilango. Mwanzoni niliona ni ukosefu wa adabu. Baadaye nikaanza kuyajibu yale maneno ya ukutani, nikipaza sauti, na mke wangu akasema sasa nimekuwa wazimu wa Ibra.

Nyumba yake nayo ilikuwa haikai. Leo televisheni iko sebuleni, wiki ijayo iko ukumbini inatazama ngazi. Friji yake niliihamisha mimi kwa mikono yangu hata mgongo ukaijua. Ilitoka jikoni kwa sababu ya jua, ikatoka ukumbini kwa sababu inanguruma, ikatoka chini ya ngazi kwa sababu, alisema, haina furaha. "Mwanangu, njoo mara moja," nikisikia hivyo nilijua ni friji. Siku moja mchana umeme ukakatika, mapazia yamefungwa, naye akajigonga kidole cha mguu kwenye friji tuliyoisogeza asubuhi ile ile. Nikaitwa kusomewa mashitaka.

"Umeniwekea friji njiani."

"Lakini mama, wewe ndiye uliyesema niiweke pale."

"Mimi nimesema. Wewe si ndiye msomi wa majumba?"

Alisema hivyo kwa sababu kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi Maskati ilipunguza watu, na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Wakawa wananitumia vijikazi vya kufanyia nyumbani. Jirani alipenda kuja kusimama nyuma yangu kuitazama skrini. Siku ya kwanza nilimwonyesha nyumba ya bwana mmoja wa Sib, vyumba vikubwa, majlisi mbili za wageni, jiko la ndani na la nje. Aliitazama kwa makini mpaka nikaanza kujivuna.

"Na kilango cha jirani kiko wapi?"

"Hakuna, mama. Siku hizi hawatii."

"Basi huyu maskini," akasema, akaenda zake.

Sasa nieleze jambo lililokuwa likitukera, kwa sababu bila ya hilo mtu hatajua Jirani alitufanyia nini. Rayya hakutaka kuvua viatu. Ni viatu vya waridi, vya kubandika, alivivaa siku ya kuhama na hakukubali kutengana navyo. Katika nyumba zetu hakuna anayeingia na viatu, sembuse kulala navyo, lakini yeye alilala navyo. Tulimbembeleza, tukamwahidi, tukavificha, akalia mpaka akatapika, tukavirudisha. Akisali pembeni ya mama yake kwa mchezo, anasali na viatu. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni, "Ili tukiondoka nisichelewe." Na kila jioni, chakula kikishaondoshwa, anauliza, "Baba, tunarudi kwetu lini?" Mimi namjibu, "Karibuni."

Nilimjibu hivyo kwa sababu na mimi ndivyo nilivyotaka. Kila mwaka walimu huruhusiwa kuomba uhamisho, na tulikubaliana na mke wangu kwamba watoto wakishindwa kuzoea, ataomba turudi Maskati. Yeye alilisema kama tahadhari. Mimi nililishika kama ahadi. Baadhi ya maboksi niliyaacha yamefungwa kwa gundi yake, nyuma ya pazia la chumba cha wageni, nikasema ni ya vitu visivyo na haraka. Funguo za gari nilikuwa nazo mfukoni saa zote. Nikikaa nasimama, nikisimama nakwenda dirishani, na barabara ya kwenda Maskati haionekani hata kutoka dirishani pale.

Na mtaa haukutusaidia, bila ya kosa la mtu. Asubuhi, wanaume wakishakwenda makazini na watoto skuli, wanawake wa mtaa huzunguka kwa kahawa, leo nyumba hii, kesho ile. Huko ndiko mgeni hujulikana, watoto wakapata wenzao, mtu akauliziwa akiumwa. Lakini nyumba yenye mwanamume ndani hawaingii. Na nyumba yetu, asubuhi zote, ilikuwa na mwanamume ndani: mimi, na kompyuta yangu. Nafasi ya chekechea tulikuwa tumeikosa kwa sababu masomo yalishaanza. Kwa hiyo Rayya alikaa dirishani na viatu vyake akitazama watoto wa watu, na hakuna aliyejua kama kuna mtoto pale.

Jirani alilitatua jambo hili kwa njia yake. Asubuhi moja ametokea kwenye kilango, dele la kahawa mkononi.

"Ondoka," akaniambia.

"Niende wapi, mama?"

"Popote. Nenda katazame mbuzi wadini. Saa nne wanawake wanakuja kunywa kahawa kwako."

"Kwangu? Mke wangu yuko skuli!"

"Mkeo nimeshazungumza naye. Mwenyeji ni mimi."

"Na watoto?"

"Watoto ndio wanaofuatwa. Yallah, chukua hiyo kompyuta yako, na usirudi mpaka nikupigie."

Hivi ndivyo nilivyofukuzwa katika nyumba ninayoilipia kodi. Niliegesha gari kando ya wadi, chini ya mkunazi, nikachora jiko la yule bwana wa Sib huku mbuzi wakinichungulia. Niliporudi adhuhuri, vikombe vimeoshwa vimefudikizwa, mapazia yananuka udi, na Rayya ana halua mpaka kwenye nyusi na majina ya marafiki wapya wawili mdomoni. Nikafurahi. Kisha nikaenda chumba cha wageni.

Maboksi yangu yalikuwa matupu. Yamekunjwa, yamefungwa kamba, yamesimamishwa mlangoni tayari kwa kutupwa. Vitu vyote vimepangwa kabatini na jikoni, hata picha ya harusi yetu imetundikwa, upande kidogo.

Nilikasirika kweli. Nilikwenda kwenye kilango, nikaita.

"Mama, nani kafungua maboksi?"

"Vikombe vilikuwa havitoshi," sauti ikajibu kutoka upande wa pili. "Basi wanawake wakashika na vingine."

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijihisi nimevuliwa nguo, na usiku ule nilisema kwa sauti kwamba mwaka huu huu tutaomba uhamisho, Jirani apende asipende.

Kuanzia hapo nikawa nafukuzwa kila wiki. Nilizoea, na mbuzi wakanizoea.

Alikuwa na mambo yake yasiyokubaliana. Aliwapenda watoto, lakini mtoto akikanyaga magodoro ya sebule yake angemtoa kwa sikio. Alihubiri kwamba mtu asimwingilie jirani yake, na yeye hodi alipiga akishakuwa katikati ya ukumbi wako. Alisema kiyoyozi kinaua mifupa, na chumba chake kilikuwa baridi kuliko duka la nyama. Akikuletea sahani ya chakula, anakuja nayo yeye mwenyewe, anasimama mpaka ule, kisha anasema umenenepa. Ukimshukuru anakuwa mkali. "Shukrani za nini? Kwani nimekuzaa?" Na dakika hiyo hiyo anakuita mwanangu.

Kubwa kuliko yote lilikuwa begi. Nyuma ya mlango wake wa mbele palikaa begi la safari, limejaa, zipu imefungwa. Mwanawe wa pekee alikuwa mji wa Sur, pwani, kazini kwenye kiwanda, na kila Alhamisi Jirani alikwenda kwake kwa gari ya watu, na kila Ijumaa alikuwa amesharudi, analalamika. Kitanda kirefu. Samaki mwingi. Wajukuu hawajui salamu. Mwanawe alimwomba ahamie moja kwa moja, naye alimwahidi baada ya Ramadhani, na baada ya Ramadhani akasema baada ya Haji. Huyu ndiye aliyekuwa akituambia sisi tutulie. Siku moja Rayya alimwuliza mbele yangu.

"Bi Jirani, begi lako kwa nini liko mlangoni?"

"Ili nikienda nisichelewe kurudi."

Rayya akaliwaza jibu hilo, akatazama viatu vyake. Nilitarajia Jirani aone haya. Hakuona.

Siku ya viatu ilikuja mchana, wakati wa joto, watu wamelala. Jirani aliingia na sahani, akamkuta Rayya amelala kwenye mkeka, viatu miguuni. Ajabu ni kwamba alikuwa akimwona na viatu kila siku na hakuwahi kusema. Siku ile alisimama juu yake akamtazama.

"Mbona mtoto kalala na viatu?"

"Hataki kuvua, mama. Anasema tukiondoka asichelewe."

Nilidhani atacheka, kwa sababu wengine wote niliowahadithia walicheka.

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Funguo za gari zinafanya nini mfukoni? Tangu mmekuja nazisikia zinalia humu ndani. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Na hizo kandambili? Nyumba ina mwiba?"

Nikatazama miguu yangu. Kweli, tangu tuhamie nilikuwa natembea na kandambili chumba hadi chumba, mimi niliyekuwa nikimgombeza mtoto.

"Mtoto hajaikanyaga nyumba bado," akasema. "Na babake vilevile. Mwamshe."

Rayya akaamka na nywele zimesimama. Jirani akamshika mkono, sauti yake ya kawaida, wala hakuifanya tamu kama wanavyofanya watu wakitaka kumghilibu mtoto.

"Njoo nikuonyeshe nyumba yenu."

"Nishaiona."

"Umeiona kwa macho. Fumba."

Rayya akafumba. Kisha akafungua jicho moja. "Na viatu?"

"Ukiwa na viatu utadanganya."

Sijui kwa nini neno lile liliingia pale ambapo kubembeleza kwetu kote hakukuingia. Labda kwa sababu Rayya alikuwa hapendi kuitwa mwongo. Akavua, akavishika mkononi. Mimi nikaamrishwa kuvua kandambili na kuweka funguo juu ya friji. Tukatembea watatu, macho tumefumba, viganja ukutani, Jirani mbele. Nilikuwa nimekaa nyumba ile miezi na sikujua kwamba sakafu ya mbele ya jiko ni baridi na ya mbele ya choo imemeguka, unaihisi kwa kidole gumba. Sikujua kwamba pale ukumbini jua linaingia mchana na kuacha kipande cha joto, ukikikanyaga unajua mlango wa mbele uko mkono wa kulia. Rayya alikuwa anataja kwa sauti. "Hapa pana baridi. Hapa pana maji ya AC yanadondoka. Hapa pana mbao!" Mbao ilikuwa kilango. Mimi nikajikwaa kwenye kibaiskeli cha Mundhir nikaenda chini kwa urefu wangu wote, na Rayya akacheka. Kicheko cha tumboni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukisikia katika nyumba ile, na sioni aibu kusema kwamba nilibaki pale chini kwa muda nikijifanya nimeumia, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Mchezo ule uliendelea siku nyingi. Viatu hakuna aliyeona vimeachwa lini. Vilikutikana nyuma ya kilango, upande wa Jirani, vimeshika vumbi.

Mchezo wenyewe aliutoa wapi, alinipa majibu tofauti kila nilipouliza. Mara moja alisema mama yake aliwafanyia hivyo kila walipohamia nyumba mpya, na walihama sana. Mara nyingine akasema aliubuni yeye mwenyewe kwa sababu ya umeme kukatika. Mara ya tatu alikana kabisa. "Mchezo gani? Mie nilitaka mtoto avue viatu tu."

Jumatano nilikuwa nikimpeleka Jirani kwenye soko la wanawake, ambalo wanaume hatuingii. Mimi na Mundhir tulibaki garini, Rayya akaenda naye, amemshika abaya. Watu husema soko ni la kununua. Jirani alilitumia kwa kuingia na kutoka. Anarudi na udi amesahau hina, anarudia hina anakumbuka kwamba udi ule haukuwa mzuri. "Yallah, twende," na gari ikishatembea kidogo, "Simama." Mimi naye tulifanana katika hili, nadhani, ndiyo maana tuligombana sana. Sote wawili tulikuwa tukitafuta kitu kilichobaki nyuma. Tofauti ni kwamba mimi nilinuna, na yeye aliwapatia watu kazi.

Mwaka ule wakati wa kuomba uhamisho ulipofika, mke wangu aliniuliza tukiwa tunakula. "Niombe?" Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu siku ya kabati. Rayya alikuwa anapita kutoka jikoni amebeba bakuli la wali, miguu mitupu, na alipofika pale sakafu ilipomeguka aliiruka bila ya kuangalia chini. Nikasema, "Tungoje kidogo." Sisemi kwamba nilitulia. Mpaka leo nikisikia gari la mizigo barabarani nasimama. Nasema tu kwamba hatukuomba.

Na aliyeondoka akawa Jirani. Aliteleza uani mwake akavunjika mkono, akakaa chini muda mrefu kabla sijamsikia akiita, na mwanawe alipokuja kutoka Sur hakukubali tena habari ya baada ya Haji. Sikuweza kumlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Asubuhi ya kuondoka, Jirani alikuja kupitia kilango, mkono mmoja umefungwa, akamimina kahawa kwa mwingine. Akasema, "Hebu nikatazame kama nimefunga bomba." Akatoka. Nikangoja, kahawa mkononi. Niliposikia mlango wa gari ukifungwa barabarani nikakimbia, lakini walikuwa wameshakata kona, na begi halikuwa tena nyuma ya mlango.

Nyumba yake ikafungwa. Kilango hatukukiegemezea kitu. Wanawake waliendelea kuja kwa kahawa, na mimi naendelea kufukuzwa, ila sasa anayenifukuza ni Rayya.

Tulikwenda kumtazama Sur wakati wa likizo. Rayya alikuwa ameshaingia darasa la kwanza, hana jino la mbele, na njia nzima alishika chupa ya samli waliyompa wanawake wa mtaa ampelekee. Tukavuka daraja la Aija. Nyumba ya mwanawe ilikuwa mpya, inanuka rangi, viti bado vimevaa nailoni. Mwanawe ni mtu mwema, alitupokea kwa mikono miwili, lakini kabla ya kutuingiza kwa mama yake alinivuta pembeni.

"Hajatulia," akaniambia. "Nimemjengea chumba chini asipande ngazi, kina choo chake, kina kila kitu. Hataki hata kuzunguka nyumba. Siku nzima yuko vile vile."

Vile vile maana yake amekaa. Ukingoni mwa kitanda, abaya mwilini, makubadhi miguuni, begi mapajani. Jirani amekaa. Mimi niliyekuwa nikiomba Mungu mama huyu akae japo amalize sentensi, nilipomwona amekaa nilihisi vibaya kama nimemkuta hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari umeiweka wapi?"

"Nje hapo, mama."

"Haya." Akalishika begi vizuri. "Tunarudi kwetu saa ngapi?"

Mwanawe akatazama chini. Mke wangu akanibana mkono. Swali lile nilikuwa nimeulizwa jioni nyingi, na jibu langu nilikuwa nalo tayari, lile lile la uongo. Nikafungua mdomo niseme karibuni. Rayya akanitangulia. Alimpa mama yake chupa ya samli, akapiga magoti mbele ya kitanda, akamvua Jirani kubadhi moja, akashika la pili.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Nataka nikuonyeshe nyumba yenu."

"Nishaiona."

"Umeiona kwa macho. Fumba."

Jirani alimtazama. Nikaogopa kwamba atalia mbele ya watu, jambo ambalo asingetusamehe.

"Ujanja huu kakufundisha nani?"

"Fumba, Bi Jirani. Ukiwa na viatu utadanganya."

Akafumba. Begi likabaki kitandani. Walitoka chumbani mkono kwa mkono, mtoto naye macho kafumba, kiganja ukutani, na sisi watu wazima nyuma yao. "Hapa pana jua," Jirani akasema ukumbini, kwa sauti ndogo. "Ehe," Rayya akajibu, "na mbele?" "Mbele pana baridi. Jiko hili." Wakaingia jikoni. Wakapiga hatua chache, kisha tukasikia kishindo.

"Nani kaweka friji hapa?"

"Ndipo pahala pake, mama," mwanawe akasema. "Fundi wa umeme ndipo alipoitilia plagi."

"Plagi gani! Mlango wake ukifunguliwa mtu hapiti. Iondoe. Ipeleke kule." Macho bado kayafumba, kidole kinaonyesha, na pale kilipoonyesha palikuwa na kona tupu, pembeni ya mlango wa uani. "Mwanangu, msaidie. Huyu hajui kusogeza friji."

Mwanangu nilikuwa mimi. Nikakunja mikono ya kanzu, tukasukuma, mimi na mwanawe, na furaha niliyokuwa nayo nilitamani kuimba. Kisha katikati ya kusukuma nikaelewa. Jirani hakuwahi kusogeza friji ya nyumba anayotaka kuondoka. Kule Ibra, nyuma ya kilango chetu, hapatamiminwa tena kahawa, na aliyekata shauri hilo ni binti yangu, kwa wema wake.

Alaasiri tukasimama kuaga. Jirani alikuwa katikati ya sebule, miguu mitupu, anamwonyesha mwanawe pa kuiweka televisheni. Nilichelewa kidogo mlangoni, funguo za gari mkononi, nikizitikisa, nikingoja aniulize tena tunarudi kwetu saa ngapi. Hakuniuliza.